Kichwa cha Morgan

Kabla ya kushika gongo la besiboli, kila mchezaji alipitisha kiganja juu ya kichwa cha Morgan.

"Mimi si hirizi," Morgan alisema. Hakuna aliyemjali.

Yeye alikuwa dereva tu wa kampuni moja ya Riyadh. Ijumaa moja aliwapeleka wachezaji wa besiboli uwanjani, akabaki kutazama, wakashinda. Tangu hapo hawakuwahi kufungwa. Bosi Wendell, Mmarekani aliyeifundisha timu, alisema kwamba zamani kwao hata timu kubwa ziliweka mtu wa bahati benchini, akaguswa kabla ya kila pigo. Basi akakataa kutia sahihi karatasi ya kumruhusu Morgan ahamie kwa kafili, mwajiri mdhamini, wa Jeddah. Na huko Jeddah mkewe, Selipher, muuguzi, alikuwa karibu kujifungua.

"Wanawake huzaa hata waume wakiwa mbali," alisema Nehemiah, mlinzi wa geti, Mkenya pekee kikosini, aliyedaka mipira kama mwewe. "Tulia, dereva. Wenzako wanabeba saruji juani, wewe unapapaswa kichwa."

Timu nzima ikacheka.

Morgan akainuka, akaenda kusimama juu ya mstari wa chokaa, ule ambao wachezaji waliuruka kwa kuogopa nuksi. Akaukanyaga kwa viatu vyote viwili.

"Bosi, leo nipapaseni mpaka nichubuke. Mkishinda, sitaitaja Jeddah tena hadi mkataba uishe. Mkifungwa, utatia sahihi karatasi yangu hapa hapa, mbele ya watu."

Bosi Wendell alisita.

"Kubali, bosi," Nehemiah alisema. "Huyu amezidi kiburi. Tumnyamazishe."

Wakapeana mikono.

Wapinzani walikuwa Wafilipino wenye maduka mtaa wa Al-Sulimaniyah, wepesi wa miguu. Hata hivyo, hadi pigo la mwisho timu ya bosi ilikuwa mbele kwa pointi moja. Wafilipino wawili walikuwa kwenye vituo vya njiani wakisubiri kukimbia. Mwenzao akaupiga mpira juu sana, ukaelea, ukashuka polepole kumwelekea Nehemiah; akiudaka tu, wameshinda. Bosi Wendell alikwisha kuinua mikono kushangilia. Morgan hakuinamisha macho.

Mpira ukaingia kwenye glavu. Ukatoka. Ukabingirika hadi kwenye uzio, na wale wawili wakafika nyumbani, kituo cha mwisho, wakicheka: pointi mbili.

Nehemiah aliitupa glavu, akamjia Morgan mbio, akamkaba shati.

"Mkosi wewe. Umeukanyaga mstari ukaniroga. Bosi, akilala kambini hata usiku mmoja, mimi sichezi tena."

Wengine wakaitikia. Hirizi iliyokufa hakuna anayetaka kukaa nayo. Bosi Wendell akatia sahihi juu ya boneti ya basi, bila kumtazama.

"Halas, yamekwisha. Yalla, nenda."

"Naenda," Morgan alisema. "Na kichwa changu."

Jioni ile ile, kwenye kituo cha mabasi ya kwenda Jeddah, gari la kampuni lilisimama. Nehemiah akashuka na begi la Morgan, akalibwaga miguuni pake, huku wachezaji wakimzomea Morgan kupitia madirisha. Kisha akainama, kama anayefunga kamba ya kiatu.

"Panda haraka, shemeji," akanong'ona. "Mama amepiga simu. Dada yangu ameshashikwa na uchungu."