Uniti za Faki

Vyombo vyote vilikuwa vimeshapakiwa kwenye mkokoteni, lakini Bi Mize alikuwa bado amesimama mbele ya mita ya umeme. Zilibaki uniti kumi na moja. Marehemu mumewe, Faki, ndiye aliyezinunua, siku mbili kabla hajafa. Eda yote, miezi minne na siku kumi, Bi Mize alikaa ndani na koroboi lake, asije akazimaliza.

"Hazihamishiki hizo, mama," alisema Salha, mpangaji mpya, kwa upole. "Mita ni ya nyumba. Nikurudishie nini?"

"Usinirudishie kitu, mwanangu. Niwashie taa ya barazani tu."

"Mchana wote huu?"

"Nikitoka, Faki alikuwa haizimi mpaka nirudi."

Salha akabonyeza swichi. Mkokoteni ukaondoka, Bi Mize akiufuata nyuma, amelikumbatia koroboi. Alipofika kwenye kona aligeuka. Jua lilikuwa la utosi, hata mwanga wa taa ile ulionekana kwa shida. Lakini ilikuwa inawaka.