Mtungi wa Nakiete

Zama hizo udongo ulikuwa ukishika moyo wa mfinyanzi, na kila aliyekunywa maji ya mtungi alihisi kile alichohisi aliyeufinyanga, na akizidi kunywa aliona alichowaza. Ndiyo maana sheria iliagiza kila nyumba inywee mtungi uliofinyangwa kwa utulivu na kupitishwa na mkaguzi.

Mtungi wa nyumba ya Bibi Namkunda ulifinyangwa na bintiye Nakiete, aliyemuuguza tangu miguu ilipokataa. Nakiete akachota kwa kata, akamnywesha. Utulivu ukamshuka mama kifuani kama usingizi mtamu. Akanywa tena, na safari hii akaona utulivu ule umetoka wapi: uani turubai la matanga limeshashushwa, kanga zake zimeshagawiwa, kitanda chake kimeanikwa juani. Hakuna anayelia. Yupo mtu mmoja tu, Nakiete, anapumua vizuri.

"Mwanangu, ulipokuwa ukifinyanga uliwaza nini?"

"Nilikuwaza wewe, mama, mwanzo mpaka mwisho. Mkaguzi anasema hajapata kuona mtungi mtulivu kama huu."

Namkunda akaugeukia mtungi, na ndipo alipouona udogo wake. Maji yake yasingewatosha watu wawili.

"Kunywa, mama," Nakiete alisema kwa upole, akiinua kata.