Kamba ya Kaka

Wietske alijilaza chali juu ya lami baridi, pale pale lori la maziwa lilipomkanyaga kaka yake wa miaka kumi. Wanafunzi wenzake walikuwa wameziba barabara kwa baiskeli zao. Huu ulikuwa mwaka wa nne wakilidai jiji la Amsterdam njia ya baiskeli.

"Wengine tuna kazi, nyie watoto," dereva mmoja alifoka.

Mama alipiga magoti na chaki. Kila mwaka alichora mstari kumzunguka Wietske pale chini, madereva waone aliyekufa alikuwa na ukubwa gani. Alikuja na kamba yenye urefu wa marehemu. Mwaka wa kwanza ilimpita Wietske vidole vya miguu. Mwaka jana walilingana sawasawa.

Chaki ilipita begani, kiunoni, gotini, kisha ikasimama. Kamba ilikuwa imeishia juu ya kifundo cha mguu.

"Umerefuka," Mama alisema, kama aliyemfumania akiiba.

"Si nakua, Mama."

Honi zilianza kulia. Mama aliikaza kamba, akaipima tena, akabaki anautazama ule mguu uliozidi.

"Kunja magoti," alisema.