Chachu ya Adero

Adero alikikandamiza kizibo kwa kiganja, kikagoma. Akachukua mchi, akakigonga mpaka kikazama kwenye shingo ya chupa, kisha akakizungushia waya mara tatu.

Ndani ya chupa ile, iliyokuwa ya pombe kali ya waragi, mlikuwa na chachu, yale mashapo mazito aliyoyakomba kwenye kitako cha mtungi kila alipopika kwete, pombe ya mahindi, akayalisha unga wa kimea, akayatumia tena. Miaka tisa hayajafa. Kila mpika pombe wa mtaa wa Nsambya aliijua sheria ya kwanza: chachu hai haizibwi. Hufunikwa kitambaa tu, ipumue. Ukiiziba itafura mpaka ipasue chombo.

Sajini Okullo hakuwa mpika pombe. Alikuwa mlinzi wa mahabusu ya jeshi, na humo alikuwamo Ochola, mume wa Adero, fundi wa reli, aliyekamatwa kwa kosa la kuzaliwa Kenya, siku zile wanajeshi walipowasaka Wakenya. Wiki sita sasa Okullo alikuwa akija kunywa kwete ya bure na kuahidi kumtoa. Kila wiki ni kesho. Leo mke wa sajini alitaka kujipikia mwenyewe, kwa hiyo sajini alikuja kuchukua chachu.

"Leta hiyo dawa ya pombe," alisema mlangoni. "Mimi nakwenda saa hii kuleta bwana yako."

Adero alimchukia. Njia ya mwongo ni fupi, alijiambia. Mtu huyu akishapata chachu hatakuwa na haja tena na mke wala na mume. Basi na imlipukie usoni.

"Usifungue njiani, afande," alimwambia. "Ikipata hewa inakufa. Ngoja ufike nyumbani."

Okullo aliitupa kwenye kiti cha nyuma cha gari, juani, akaondoka bila asante. Adero alibaki akitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Ochola achukuliwe. Alirudi ndani akaosha mitungi, na hata wimbo ukamtoka.

Alasiri jirani yake Joska alirudi kutoka sokoni Nakivubo akihema. Alisimulia kwamba kwenye kizuizi cha barabarani kitu kililia pa! kama risasi ndani ya gari la mwanajeshi, na askari wa pale hawakuuliza bunduki ni ya nani. Walilimiminia gari risasi. Sajini Okullo alikufa papo hapo.

Adero alikaa chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akamwambia Joska akae naye wanywe, maana mbwa yule hatakanyaga tena mlango huu.

Joska hakukaa, wala hakumtazama usoni.

"Waliokufa garini ni wawili," alisema. "Huyo wa nyuma alivaa ovaroli ya reli. Na gari ilikuwa inakuja huku kwetu."