Moshi wa Mama Mkwe

Sheria mpya ilikuwa wazi: bangili ya mjamzito ikinusa tumbaku, mvutaji wa nyumba hiyo huhamishwa mpaka mtoto azaliwe. Kwa hiyo mama mkwe wa Namkunda alijificha bandani na kiko chake. Namkunda, mimba ya miezi saba, alimfuata kila siku akaketi ubavuni mwake.

"Toka, mwanangu, utaniponza!"

"Vuta tu, Mama. Mimba ya kwanza ulinivutia chumbani, kondo la nyuma likabanduka, mtoto akafa. Ukasema tumbo langu bovu."

Siku ya tisa, moshi ulipokolea mwilini mwake, bangili ikawaka nyekundu. Mama mkwe akachukuliwa akipiga mayowe. Namkunda akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa haki yake. Alipotaka kuinuka, tumbo lilikuwa gumu kama ubao, kama siku ile kondo lilipobanduka, na bangili bado inawaka.