Nguruwe Mmoja, Sindano Moja

"Nguruwe mmoja, sindano moja!" Fidelia, mwenye duka la dawa za mifugo pale Makambako, alimkaripia mfugaji kutoka Mahongole. "Ukiwachoma wote kwa moja, ugonjwa wa mmoja utamaliza banda zima. Mnafuga kama hamna akili!"

Nyuma ya mfugaji alisimama teja, kajikunyata ndani ya sweta lililotoboka.

"Kamwene, mama. Niuzie sindano mpya."

Fidelia hakuitikia salamu. Alimtazama kama matapishi yaliyoachwa mlangoni kwake.

"Mateja siwauzii. Nenda kafie mbele."

Teja hakwenda. Alitoa mfukoni bomba la sindano, akaliweka taratibu juu ya kaunta. Namba zake zote zilikuwa zimefutika kwa kutumika, na ncha imepinda kama ndoana.

"Hii tunachangia wanne. Mmoja wetu kapimwa juzi, ana virusi."

Mfugaji akaacha kufunga mfuko wake.

"Sasa mimi inanihusu nini?" Fidelia akafyonza. Boksi la sindano lilikuwa bado wazi chini ya kiganja chake.

"Tuhesabu sisi kama nguruwe tu, mama," teja akasema. "Nguruwe wanne."