Ogada Aingie Kwake

Mchoro ulirudishwa kwa sababu nyumba haikuwa na choo.

"Mama, hapa naona chumba kimoja na mlango mpana," alisema Machibya, kijana wa dirisha la vibali vya ujenzi. "Jiko hakuna, choo hakuna. Mzee ataishije humu?"

Akelo hakuwa amelifikiria hilo. Alivuka barabara hadi kwa mchoraji, choo na jiko vikachorwa pembeni, akarudi kupanga foleni upya.

Juu ya dirisha palitundikwa bango jipya: KIBALI CHAPCHAP. Zamani mtu aliomba kibali cha nyumba mtoto akiwa mgongoni, akakipata mtoto ameshaoa. Sasa, ombi lisilo na kasoro linatoka siku hiyohiyo. Ndivyo walivyosema redioni, na Akelo aliwaamini kwa kuwa hakuwa na wengine wa kuwaamini.

Kiwanja kilikuwa Mkolani. Ogada, mume wake, alikinunua kwa jasho la kutengeneza injini za boti, na kila mwaka alisema mwakani tunajenga. Sasa ndiyo kwanza fundi Mhoja alikuwa amepanga kozi mbili za tofali, watu wa kata wakaja na rangi nyekundu, wakachora X yao na kuandika kwamba ujenzi usimame mpaka kibali kionekane.

Mumtaz, mwenye nyumba walikopanga Mirongo, alikuwa mama wa huruma. Alimwambia Akelo amlete tu Ogada palepale, yeye hana neno. Odoyo, mdogo wake Ogada, ndiye aliyekataa. Kwa Wajaluo, alisema, mwanamume mzima hatolewi hospitali akaenda kulazwa kwenye nyumba ya kupanga. Aingie kwake. Na kwao Rorya hapakuwa tena na pa kuingia. Maji ya ziwa yalipopanda yaliondoka na boma lote pamoja na migomba. Wazee wa ukoo walikuwa na kauli hiyohiyo, nao walishapanda basi. Walikuwa wamepiga simu kutoka Bunda.

Mbele ya Akelo alisimama dada mmoja aliyetaka kumalizia nyumba iliyoachwa na baba yake. Machibya aliuliza mwenye kiwanja yuko wapi. Dada akajibu kwamba alifariki.

"Pole sana," alisema Machibya. "Hapo mimi sina la kufanya. Mkafungue kwanza mirathi mahakamani, ateuliwe msimamizi, ndipo mje."

"Inachukua muda gani?"

"Ikienda vizuri, labda mwakani."

Dada yule alikusanya karatasi zake akaondoka. Akelo aliubana kwapani mfuko aliokuwa nao. Aliogopa, na aliogopa zaidi kwamba hofu yake ingeonekana.

Zamu yake ilipofika, Machibya aliona mkono wa koti umechungulia kwenye mfuko. Akatania kwamba leo naona tunaenda harusini.

"Ni suti ya mume wangu," alisema Akelo. "Ya siku ya kuingia kwenye nyumba."

"Na mlango mpana hivi, anaingia na ng'ombe?"

"Wataingia naye watu wengi."

Machibya alicheka, kisha akauliza mzee anaendeleaje, maana mapema alishaambiwa kwamba yuko hospitali. Akelo alitazama chini.

"Alipo ni baridi sana, mwanangu. Nataka nimtoe."

Kijana alikuwa na utu, hilo lazima lisemwe. Aliacha chai yake ipoe. Alimpigia simu mhandisi, akamfuata mwenyewe hadi ofisini kwake, akarudi na kusukuma ombi lile mbele ya mengine yote. Akelo alimtazama akibonyeza vitufe, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze kifua chake kikalegea. Mhoja alishamwambia kwamba chumba kimoja na mabati si kazi ya kumtoa mtu jasho. Choo kingesubiri.

"Limepita," alisema Machibya. "Limebaki jambo dogo tu. Dole gumba la mwenye kiwanja, hapa kwenye mashine. Aje hata kwa kiti cha magurudumu."

Akelo alirudisha mkono wa koti ndani ya mfuko.

"Au basi, mama, usimsumbue mgonjwa. Kesho asubuhi nitambebea mashine mpaka hospitali. Tumewekwa hapa kuwarahisishia watu. Yuko wodi gani?"

Akelo alisema atamuuliza shemeji yake. Alimshukuru kijana, akamwombea heri, na kweli alimwombea.

Odoyo alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya hospitali, simu mkononi. Wazee walikuwa wamefika Magu, na walitaka kujua waje Mkolani au wageuze.

"Wamekubali," alisema Akelo. "Ila wanataka dole lake. Kesho yule kijana anakuja na mashine mwenyewe."

Odoyo aliinamisha kichwa. Hakukuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lililouma.

Mlango wa chuma ukafunguka, mhudumu wa mochwari akatoa kichwa, akauliza kama nyumba imepatikana wamvalishe Ogada suti yake, au amrudishe kwenye jokofu.